Fuata Maji: Namna ya Kupanga Likizo ya Ufukweni, Kuanzia Kuogelea Hadi Sahani ya Samaki

Mtu akirudi likizo ya ufukweni akinung'unika, mara nyingi ufukwe wenyewe hauna kosa. Alifika saa ambayo maji yametoka, akakuta uwanda wa tope na majani pale alipoonyeshwa picha ya bahari ya samawati. Kesho yake akaungua mabega. Siku ya tatu akala samaki mkavu kama gome, kwenye meza iliyo karibu zaidi na kitanda chake, na bili ikamtoa jasho. Mimi nimeyafanya yote matatu, tena ndani ya safari moja. Tangu hapo, nikifika popote penye bahari ya joto, kabla ya kuuliza menyu au matembezi, nauliza ratiba ya maji. Mengine yote hupangwa kuifuata.

Hatua ya 1: Jua maji yanajaa saa ngapi

Sehemu nyingi za dunia bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita na dakika chache, na kila siku ratiba husogea mbele kwa takriban dakika 50. Maji yakijaa leo saa nne asubuhi, kesho yatajaa saa tano kasoro dakika kumi, na baada ya wiki moja, saa nne hiyohiyo, utakuta yamepwa. Ndiyo maana wageni wawili wanaweza kulala hoteli moja, wiki mbili tofauti, kila mmoja akarudi na hadithi yake kuhusu ufukwe uleule.

Tazama na mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvu: maji hujaa hadi juu kabisa na hutoka mbali sana. Mwezi ukiwa nusu, maji huwa mafu, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, na unaweza kuogelea karibu saa yoyote. Mahali nako kuna neno. Sehemu nyingi za Karibi maji hupanda na kushuka chini ya nusu mita, huhitaji kusumbuka sana. Broome, kaskazini-magharibi mwa Australia, wakati wa bamvu tofauti hupita mita 9. Kabla ya kulipia chumba, uliza: maji yakipwa hapa, hutoka umbali gani? Anayekujibu bila kuzunguka ni mtu wa kuaminika.

Kuna hesabu ya zamani ya mabaharia inayofaa kukariri. Gawa maji yote yatakayoingia katika mafungu kumi na mawili. Saa ya kwanza huingia fungu moja, saa ya pili mawili, saa ya tatu matatu, saa ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Maana yake, kwenye saa mbili za katikati pekee huingia nusu ya maji yote. Mwanzoni bahari hukudanganya kwamba haina haraka.

Mimi nilidanganyika. Nilitembea hadi kwenye fungu la mchanga, maji yakiwa chini ya kifundo cha mguu, nikakaa kupiga picha za kaa wadogo. Nilipoinua macho, fungu lilikuwa bado kavu kabisa, ila ule mfereji niliouvuka kati ya fungu na pwani ulikuwa umeshanifika kiunoni, na unakwenda mbio. Fungu huinuka katikati, mfereji wa nyuma yake hujaa kwanza. Nilivuka mkono mmoja juu, simu imo ndani ya kofia. Siku hizi narudi pwani maji yanapogeuka, hata kama kaa bado wanapendeza.

Ratiba utaipata kwenye programu za simu, kwenye ubao wa hoteli nyingi, au kwa mvuvi yeyote. Iandike kwenye karatasi na uibandike mlangoni mwa chumba, saa za siku zako zote.

Hatua ya 2: Gawa siku kabla ya kulipia chochote

Maji yakijaa ni wakati wa kuogelea, kupiga kasia, kwenda na mashua kwenye matumbawe. Yakipwa ni wakati wa kutembea juu ya mwamba na kuchungulia vidimbwi, na kwa watoto wadogo hakuna bwawa zuri kuliko kidimbwi cha maji ya uvuguvugu kinachowafika magotini, mradi mtu mzima awe amekaa hapohapo. Vaa viatu vya mpira. Wapo wadudu wa bahari wenye miiba mirefu myeusi kama sindano, wanaojibana kwenye mashimo ya mwamba, na mwiba wao hukatikia ndani ya nyama.

Halafu upepo. Kwenye pwani nyingi za joto asubuhi bahari hutulia, na upepo huinuka kadiri nchi kavu inavyopata moto. Kwa hiyo kayaki na miwani ya kuogelea ni kazi ya asubuhi; kaiti na tanga ni kazi ya alasiri. Upepo ukivuma kutoka nchi kavu kwenda baharini, usimruhusu mtoto kupanda boya la kujaza hewa. Karibu na ufuo maji yatakuwa kimya kama kioo, na boya litakwenda zake.

Jua hugawa siku vilevile. Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, toka juani. Mara nyingi ni kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Hapo ndipo pa kula taratibu, kusoma na kulala. Ngozi nyeusi nayo huungua, ila huchelewa kuonyesha. Anayeelea kifudifudi akitazama samaki huungua mgongo na nyuma ya magoti, mahali asipoweza kupaona, na losheni humtoka majini. Fulana ya mikono mirefu inayokauka haraka hufanya kazi kuliko chupa tatu za losheni. Pale penye ngozi wazi paka yenye kinga ya 30 au zaidi, rudia kila saa mbili na kila utokapo majini. Soma pia lebo: Hawaii ilipitisha mwaka 2018 sheria iliyoanza kutumika 2021, inayokataza kuuza losheni zenye kemikali za oksibenzoni na oktinoksati ili kulinda matumbawe, na Palau, nchi ya visiwa katika Pasifiki, ilikwishachukua hatua kama hiyo mwaka 2020.

Hatua ya 3: Ingia majini ukiwa na macho

Simama juu ya mchanga dakika tano kwanza. Usitazame mawimbi yanapovunjika. Tazama pale yasipovunjika. Ukiona njia nyembamba ya maji meusi yaliyotulia katikati ya mapovu meupe, au povu na mchanga vinavyosafiri kwenda nje, huo ni mkondo wa kuvuta. Maji yaliyosukumwa na mawimbi yanarudi baharini kupitia mlango huo, na mgeni huuchagua kuogelea kwa sababu unaonekana mpole kuliko pembeni. Ukikukamata, usipigane nao kurudi ulikotoka, utachoka. Hauzamishi mtu, unamchukua tu. Elea, inua mkono kuomba msaada, na ukiwa na nguvu ogelea sambamba na ufuo mpaka utoke kwenye mkondo, ndipo urudi kwa mshazari. Ufukwe wenye walinzi na bendera ni wa kuupendelea kuliko uliojificha, hata ukiwa na watu wengi.

Kwa mtu ambaye hajawahi kutazama matumbawe, fedha zake za kwanza ziende kwenye miwani inayomkaa. Jaribu dukani: iweke usoni bila kufunga mkanda, vuta pumzi kwa pua, achia mkono. Ikibaki imenata, inakufaa. Ikianguka, jaribu nyingine. Sharubu huvujisha, na unywele mmoja uliopita chini ya mpira huvujisha. Kabla ya kuingia tema mate ndani ya kioo, sugua, suuza mara moja. Watu hukunja uso wakiona, kisha hutoka majini wakilalamika kwamba kioo chao kimejaa ukungu. Jizoeze mrija mahali unapoweza kusimama, mpaka uzoee kupulizia maji nje, ndipo uende kwenye kina.

Ukishatulia juu ya matumbawe, nyamaza usikilize. Utasikia mlio kama mtu anatafuna miwa. Ni pono, anakwangua mwamba kwa mdomo wake unaofanana na wa kasuku, akila mwani uliojishika humo. Mawe anayoyameza husagika na kutoka nyuma yake yakiwa mchanga. Ukikaa kidogo utaona wingu jeupe likimtoka. Sehemu kubwa ya mchanga mweupe wa visiwa vya matumbawe imepita tumboni mwa pono. Na ule usingizi wa pono tunaousema haukuzushwa: usiku hulala kiasi kwamba baadhi ya aina zake hujifunika utando wa ute kama chandarua.

Usisimame juu ya matumbawe. Ni wanyama hai, na yale ya mviringo yaliyo makubwa kama meza hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Kisigino kimoja kinaweza kuua kazi ya miaka mingi. Kasa akipita, mwachie njia ya kupanda juu, anahitaji kuvuta pumzi. Mchangani kwenye maji mafupi, buruta miguu badala ya kuiinua, ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyejizika asikie na kuondoka. Akikuchoma, tia mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kama nyuzi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, kisha umwone daktari. Yavuyavu, wale viumbe laini wanaoelea na kuwasha, hutofautiana mno mahali hadi mahali: fuata mabango ya pale ulipo. Kaskazini mwa Australia, kwa mfano, kuna miezi, takriban Oktoba hadi Mei, ambayo watu huogelea ndani ya nyavu tu au wakivaa suti nzima, na siki huwekwa ufuoni kwa ajili ya waliochomwa.

Matembezi ya mashua hayahitaji maelezo mengi. Kabla ya kulipa, hesabu jaketi za kujiokolea kwa macho yako, muulize nahodha anatia nanga wapi (jibu unalolitaka ni kwenye boya au mchangani, kamwe si juu ya matumbawe), na uliza mtarudi saa ngapi. Asiyekubali kuahirisha bahari ikichafuka mwache aende peke yake.

Wanaotaka kuzamia na mitungi wafanye hivyo mwanzoni mwa likizo. Ukishazamia mara kadhaa, subiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Wengi husubiri siku nzima. Nimekutana na watu walioiacha iwe zawadi ya siku ya mwisho, wakagundua hivyo wakiwa wamesimama dukani na tiketi mkononi.

Hatua ya 4: Tafuta pa kula kwa pua na kwa swali

Hapa ndipo watu huachia fedha nyingi, na ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko kwingine. Ukiweza, lipia hotelini kifungua kinywa peke yake. Ukishalipia na chakula cha jioni utajilazimisha kukila, huku moshi wa samaki wa kuchoma ukikupita puani kutoka upande wa pili wa ukuta.

Siku ya kwanza tembea bila njaa. Ukiwa na njaa, mgahawa wowote ni mzuri. Nenda alfajiri au asubuhi mahali mashua za wavuvi zinapofikia, uone kinachoshushwa na nani anakinunua. Mpishi unayemwona pale akichagua, akifunua matamvua na kubishana, mfuate. Jioni kaa kwake.

Meza zilizo mbele kabisa ya bahari huuza mandhari. Sina ugomvi nazo. Nendeni mkanywe kitu wakati jua linazama. Chakula kitafuteni barabara moja au mbili nyuma, pale wanapokula madereva na wafanyakazi wa hoteli wanapotoka zamu. Na usiulize "wapi kuna chakula kizuri?", kwa sababu utaelekezwa kwa shemeji wa mtu. Uliza: "Wewe jana ulikula wapi?" Jibu hutoka haraka, na aghalabu huwa la kweli.

Ukifika, soma menyu. Kurasa kumi na mbili zenye samaki, kuku, tambi na vyakula vya mabara matatu maana yake friza ni kubwa. Ubao wenye vitu vinne, kimoja kimeshafutwa kwa sababu kimeisha, unanifurahisha. Omba kuona samaki. Macho yawe yametuna na kung'aa, matamvua mekundu, nyama ikibonyezwa irudi, harufu iwe ya bahari. Awe amelazwa juu ya barafu, asiwe ameanikwa mezani kama pambo huku barafu ikiwa imeshakuwa maji.

Hapa kuna mambo mawili ambayo mapishi hayayatibu. La kwanza ni jodari na jamaa zake wakiachwa kwenye joto: hutengeneza histamini, na moto hauiondoi. Ukihisi ulimi unawasha kama pilipili ambayo hukuitia, weka uma chini. Baadaye uso hupata moto na kichwa kuuma. La pili ni sumu ya mwambani iitwayo siguatera, inayopatikana Pasifiki, Karibi na Bahari ya Hindi. Huanzia kwenye viumbe vidogo sana vinavyoishi juu ya mwani, ikapanda kutoka samaki mdogo hadi anayemla, mpaka ikakusanyika kwa mzia mkubwa, chewa mkubwa au mkunga. Haina harufu wala rangi, na barafu haiiwezi. Kwa hiyo samaki mkubwa kupita meza si heshima. Omba wa wastani, na waulize wavuvi wenyewe wanaepuka nini. Pono nikimkuta kwenye menyu namruka kwa sababu nyingine. Nimeshamsikiliza akifanya kazi.

Sasa bei. Samaki mzima na kambakoche huuzwa kwa uzito, na maswali ni matatu: bei hii ni ya kilo au ya gramu 100? Mtapima kabla ya kupika? Nione mizani? Mimi niliwahi kusoma namba ndogo nzuri pembeni ya neno kambakoche, nikaagiza kwa kujiamini, na bili ilipokuja mhudumu akanionyesha kwa upole maandishi madogo ya gramu 100. Mkoba ulibaki mwepesi wiki nzima. Kumbuka pia kwamba kichwa na miiba huchukua karibu nusu ya uzito, kwa hiyo samaki wa gramu 700 au 800 ni wa watu wawili wenye vyakula vya kando, hamhitaji wa kilo mbili. Kambakoche mwenye mayai chini ya tumbo, au mdogo kama kidole, mrudishe. Sehemu nyingi hata sheria imewakataza kumvua.

Mwisho, saa ya kuagiza. Samaki mzima juu ya makaa huchukua nusu saa na zaidi, na anayeharakishwa huungua nje akabaki mbichi mfupani. Agiza kabla ya kwenda kuoga kutoa chumvi, taja saa utakayorudi. Pweza huchemshwa muda mrefu ndipo alainike. Akikufikia kwa dakika kumi, alichemshwa mapema, na hilo si kosa ikiwa amepitishwa motoni ncha za minyiri zikawa kavu kidogo na katikati pakabaki laini. Chakula cha mchana kiwe chepesi kama mnarudi majini. Karibu na mstari wa ikweta jua likizama giza halichukui hata nusu saa kutanda, kwa hiyo kayaki iwe imeshapandishwa mchangani, na mezani uwe umeketi ukitazama, hujabaki ufuoni ukitafuta ndara kwa tochi ya simu. Tochi hiyo izime kabisa kama ni msimu wa kasa kutaga. Watoto wao wakitoka kwenye shimo hufuata mwanga, na mwanga wako hauko upande wa bahari.

Hatua ya 5: Siku ya mwisho iache kavu

Usipange mashua siku ya kuondoka. Bahari haijui saa ya ndege yako. Suuza miwani, mrija na viatu kwa maji yasiyo na chumvi, vianike kivulini vikauke kabla ya kuvifungia. Konokono na makombe uliyookota yarudishe ulikoyatoa: mengine yana kaa ndani, utajua usiku yatakapoanza kutembea ndani ya begi, na nchi kadhaa hukataza kuyatoa.

Kisha rudi mgahawa uliokulisha vizuri kuliko mingine, mapema kabla wateja hawajajaa, na usiombe menyu. Mwambie mpishi akupakulie anachokula yeye mchana ule. Mara nyingi hakiuzwi popote, na huletwa kwenye sahani isiyofanana na zile nyingine.